Kupanda Kwitutu, mlima wa mawe kisiwani Mfangano

Kilele cha Kwitutu kiko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Nakuru umekaa juu kuliko hapo, kwenye mita 1,850 hivi, na ndiyo maana wengi wanaotoka huko huudharau mlima huu kabla hawajauona. Hesabu hiyo inapotosha. Safari ya miguu huanzia ufuoni mwa Ziwa Victoria, kama mita 1,135, kwa hiyo unapanda takriban mita 560 kwenye joto la ziwa, juu ya mawe ambayo mengi hayajashika. Hewa nyembamba haimsumbui mtu hapa. Kinachosumbua ni jua, mawe yanayoviringika, na upepo wa mchana unaoyachafua maji wakati watu wanataka kurudi mji wa Mbita, ng'ambo ya kisiwa. Yote matatu yanategemea saa uliyoamka, basi tuanze na saa.

Ratiba

Mchana nchi kavu hupata moto haraka kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda, na ya ziwani huvutwa kuja kujaza nafasi yake. Kwa hiyo asubuhi ziwa mara nyingi huwa shwari, na kuanzia adhuhuri mawimbi huanza kuinuka hata siku isiyo na wingu. Usiku mambo hugeuka: maji hubaki na joto, upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na mawingu ya radi hujikusanya juu ya maji. Mara nyingine dhoruba ya usiku huwa bado inanguruma kunapokucha.

Ukielewa hilo, utaona kwa nini safari ya kwenda na kurudi siku moja kutoka Kisumu ni wazo baya. Lala kisiwani mara mbili: usiku wa kuamkia mlima na usiku wa baada yake. Siku ya tatu ondoka na boti ya asubuhi. Ukilazimika kuondoka siku ile ile uliyopanda, uwe umefika ufuoni kabla ya saa sita, na kama maji yamekwisha chafuka ulale.

Siku yenyewe ya mlima amka saa kumi na moja alfajiri. Kunywa uji au chai nzito na kula kitu kinachokaa tumboni. Chapati mbili na yai zinatosha. Mwanga wa kuona unapokanyaga hupatikana kama saa kumi na mbili na robo, na saa kumi na mbili unusu uwe njiani. Mtu mwenye mazoezi ya kawaida huchukua saa mbili na nusu hadi tatu kufika juu, kutegemea mahali alipoanzia. Kushuka usikuhesabie nusu ya muda huo. Tenga saa mbili kamili. Weka saa nne asubuhi kuwa mwisho wa kupanda. Ikifika saa nne na kilele bado, geukeni hapo hapo, hata kama kinaonekana. Kundi linalosema "bado kidogo tu" saa nne unusu ndilo linalokutwa maweni saa saba na chupa tupu.

Kama mvua ilinyesha usiku, hapo pana uamuzi mgumu kidogo. Mwamba ukilowa huteleza, lakini ukisubiri ukauke jua linakuwahi. Tunachoshauri ni kuchelewa saa moja tu, kisha kupanda mpaka pale mawe makubwa yanapoanza na kuyakagua kwa kiganja. Yakiwa bado na utelezi, rudini. Kuna siku nyingine.

Msimu

Januari na Februari ni miezi mizuri, na Julai hadi Agosti pia. Kati ya katikati ya Machi na Mei masika hufanya vijia kuwa mifereji. Oktoba na Novemba kuna vuli, mvua fupi zinazokuja ghafla. Juni ina shida yake ambayo watu hawaifikirii: mvua imekatika lakini nyasi zimesimama hadi kiunoni, zimeficha mawe, mashimo na nyoka. Ukienda Juni, fimbo ni lazima.

Kufika

Kutoka Kisumu kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya barabara tupu: Ahero, Katito, Kendu Bay, Homa Bay, Mbita. Ya pili hupitia Bondo hadi Luanda Kotieno, halafu feri inakuvusha hadi Mbita. Hii ya pili inapendeza zaidi, ila feri ina ratiba yake. Ukiikosa utakaa hapo ukiitazama ikienda. Kutoka Nakuru pita Kericho, Sondu, Oyugis, Rodi Kopany na Homa Bay. Ondoka alfajiri ili uwe Mbita mapema mchana.

Mbita hadi Sena, gati kuu la Mfangano, kuna feri ya abiria na boti za injini. Chukua kubwa kuliko ndogo. Kabla hujapanda boti angalia mambo matatu: kila abiria ana jaketi la kuokoa maisha na mishipi yake inafunga, ukingo wa boti umebaki juu ya maji kwa kiasi cha kutosha baada ya mizigo kupakiwa, na nahodha hajaanza kubishana na hali ya hewa. Vaa jaketi, usilikalie. Simu na pesa zitie kwenye mfuko wa plastiki ufungwe, kwa sababu matone ya wimbi hufika kila mahali.

Mwenyeji wa kukuongoza

Usipande peke yako, na usipande na marafiki wageni watupu. Vijia vya Kwitutu vimechongwa na ng'ombe, mbuzi na watu wanaotafuta kuni, na vinagawanyika kila mara bila alama yoyote. Kinachokwenda kwenye kisima na kinachokwenda kileleni vinafanana kabisa. Tena ardhi hiyo ina wenyewe: unakatiza mashamba na maboma ya watu, na baadhi ya sehemu za juu ni mahali pa heshima kwa Abasuba, wenyeji wa kisiwa. Ukiongozana na mtu wa hapo, mazungumzo hayo anayafanya yeye.

Mwenyeji mzuri hupatikana kupitia nyumba ya wageni unakolala, au kwenye makumbusho ya jamii ya Abasuba pale Ramba. Elewaneni jioni, kabla ya siku ya mlima, na mtaje kila kitu: malipo ni ya kundi au ya kila mtu, mnapitia upande gani, mnafika Kwitone kwenye michoro ya kale ya mwambani au hamfiki, na saa ya kugeuka ni ipi. Mchukulie maji yake pia. Njiani, salamu kwanza: "Oyawore" ya asubuhi hueleweka kisiwani kote, na kwa wakubwa "Mzee" na "Mama" hazijawahi kumkosea mtu.

Mzigo

Maji lita tatu kwa kila mtu, bila kupunguza. Huko juu usitegemee kupata maji ya kunywa, na ya ziwa hayanyweki mpaka yachemshwe au yatiwe dawa. Katika lita moja kati ya hizo tatu tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha; jasho la ziwani hubeba chumvi nyingi, na anayekunywa maji matupu asubuhi nzima huishia na kichwa kinachogonga na misuli inayokaza. Beba njugu karanga, ndizi na viazi vitamu vya kuchemsha. Nyama ya kukaanga iache kwa jioni.

Viatu viwe vya kufunga, vyenye soli ya meno, na uwe umevivaa wiki kadhaa. Viatu vipya humaliza safari ya mtu kwenye saa ya kwanza. Kata kucha za miguu siku mbili kabla. Vaa suruali ndefu nyepesi na shati la mikono mirefu, si kwa ajili ya jua pekee, bali pia kwa ajili ya miiba na utomvu. Kuna minyaa, ambayo Waluo huiita ojuok, na kuna mibondo, ile mikubwa yenye matawi manene yaliyosimama. Yote hutoa utomvu mweupe unaochoma ngozi, na ukiingia machoni unaweza kuyaharibu. Usivunje tawi lake kujisaidia kupanda. Utomvu ukiingia jichoni, lioshe kwa maji safi mfululizo kwa dakika 15 au zaidi, usisugue, kisha shuka uende kituo cha afya.

Ongeza kofia pana, bandeji mbili za kuvuta, plasta, filimbi, tochi hata kama hupangi kukutwa na giza, na simu iliyojaa chaji. Fimbo ukatiwe na mwenyeji, ikufike kwenye kiwiko. Begi lote lisizidi kilo sita.

Kupanda kwenyewe

Mfangano, kisiwa jirani cha Rusinga na vilima vya Gwassi ni mabaki ya volkano kuu ya kale iitwayo Kisingiri. Tabaka za chini ni majivu yaliyoganda na mchanga, laini. Juu yake imelala lava ngumu. Laini likimomonyoka, lava hubaki bila kitu cha kuikalia, inapasuka na kushuka vipande vipande. Hii ndiyo sababu mlima una sura mbili. Chini kuna mashamba ya mahindi na mihogo na udongo unaobeba mguu vizuri. Juu zaidi kuna vichaka, halafu ngazi za mwamba mweusi zenye vifusi vya mawe miguuni pake.

Kwenye mashamba nenda polepole kuliko unavyojisikia. Ukiweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatisha pumzi, mwendo ni sawa. Ukipanda upande unaotazama Rusinga, jua linakupiga mgongoni tangu saa moja, basi kunywa tangu mwanzo: mafunda manne au matano kila dakika 20, kiu ije isije. Pumzikeni dakika tano kila baada ya dakika 45, kivulini, mkiwa mmesimama au mmeketi juu ya jiwe mlilolikagua kwanza kwa fimbo.

Mawe makubwa yakianza, fimbo ifunge begini na utumie mikono. Kanuni ni viungo vitatu vishike na kimoja kisogee: miguu miwili na mkono mmoja, au mikono miwili na mguu mmoja. Kabla ya kuliwekea jiwe uzito wako, lijaribu. Ligonge kwa kisigino au kwa ngumi. Likitoa mlio mfupi mkavu, limeshika. Likitoa mlio wa debe tupu, kuna nafasi nyuma yake na siku moja litatoka. Lisiwe siku yako. Tazama pia uso wake. Jiwe lililojaa likeni, yale madoa ya kijivu yaliyoganda, na udongo ulioshikamana pande zote, limekaa hapo miaka. Lenye upande mmoja msafi, au ufa mpya wa udongo kuzunguka kitako chake, limesogea karibuni. Na hata jiwe zuri, likandamize kwenda chini. Usilivute kuja kwako, kwa sababu lava iliyopasuka hubeba mzigo wa juu vizuri lakini huchomoka ikivutwa.

Simama wima. Anayeogopa huukumbatia mwamba, na hapo uzito huondoka kwenye nyayo na viatu huteleza. Macho yatangulie mkono kila mara: usipeleke vidole kwenye ufa au ukingo usiouona. Kifutu, wengine humwita bafe, hulala kimya mahali pa joto na hakimbii akisikia hatua kama nyoka wengine.

Kundi lipangwe. Kwenye mteremko ulio wazi, msiwe mmoja chini ya mwingine. Tawanyikeni kwa mshazari. Kwenye mfereji mwembamba ambapo hamna namna, pandeni mmoja mmoja na wengine wasubiri pembeni, au songeni karibu kabisa ili jiwe likitoka lisipate mwendo. Ukiangusha jiwe, hata dogo, piga kelele "Jiwe!" bila kusita. Ukiisikia kelele hiyo usiangalie juu. Jibane ukutani na uinue begi juu ya kichwa.

Mchunge mwenzako kwa macho. Anayeanza kujikwaa kwenye mawe madogo, kunyamaza ghafla au kusema baridi kwenye jua, mwili wake umeshindwa na joto. Mkalishe kivulini, mvue kofia na viatu, mlowesheni nguo, mpepeeni, mpeni yale maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo. Akipata nafuu, anashuka na mtu. Hapandi tena siku hiyo. Akichanganyikiwa asijue alipo, hiyo ni dharura: endeleeni kumlowesha na kumpepea, na msimlazimishe kunywa.

Kwitone

Mlimani kuna mwamba wa Kwitone wenye michoro ya kale ya duara ndani ya duara, kwa rangi nyekundu na nyeupe, inayodhaniwa kuwa kazi ya Watwa, wawindaji walioishi huku kabla ya jamii za sasa. Ipo mingine mahali paitwapo Mawanga. Wenyeji wamehusisha mahali hapa na mvua kwa vizazi vingi. Ingia kwa ruhusa ya mwenyeji wako. Usiguse rangi, kwa sababu mafuta ya kidole huidhuru. Usimwagie maji ili picha ing'ae. Usikoleze mstari kwa chaki wala kuandika jina lako. Moto usiwashwe chini ya mwamba, masizi hayatoki. Michoro hii haina namna ya kutengenezwa upya, na inauma sana kuona herufi za mtu aliyepita mwaka juzi zimekaa karibu na duara lililoshinda karne nyingi.

Juu

Kileleni mna upepo, na kama anga imetakata utaviona visiwa vya Takawiri na Rusinga mashariki, na vilima vya Gwassi kusini. Kula, kunywa, jifunge kitu kwenye shati lililolowa. Nusu saa inatosha. Tazama mawingu kabla ya kamera. Ukiona umeme, hesabu sekunde mpaka radi isikike. Kila sekunde tatu ni karibu kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, shukeni mara moja. Msijikinge chini ya mti uliosimama peke yake, wala kwenye mdomo wa pango au chini ya mwamba ulioinama, kwa maana umeme hupita juu ya uso wa mwamba na kuruka uwazi huo kupitia mtu aliyesimama ndani.

Kushuka

Hapa ndipo watu huumia, miguu ikiwa imechoka na akili imekwisha fika ufuoni. Kaza kamba za viatu hasa pale juu ya kifundo, ili vidole visigonge mbele. Toa fimbo. Piga hatua fupi, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, na kisigino kisifike na uzito wote kwa mkupuo. Kwenye vifusi shuka ubavu ubavu, mguu ukiwa umekingama na mteremko. Ngazi ya mwamba iliyozidi urefu wa goti, geuka uikabili na ushuke kinyumenyume. Kuirukia ndiko kunakovunja vifundo. Usiteleze kwa kukaa.

Kosa kubwa ni njia ya mkato. Ukiwa juu, mfereji unaoshuka moja kwa moja kuelekea mapaa ya mabati huonekana rahisi. Kingo za lava hazionekani kutoka juu, na mfereji huo unaweza kukufikisha kwenye ukuta usioweza kuushuka wala kuupanda tena. Mkipoteza kijia, rudini juu hadi mahali mnapopajua kwa hakika, hata kama magoti yanalia.

Mtu akiteguka, usimvue kiatu kabla ya kufika. Kiatu ndicho bandeji yake. Akiumwa na nyoka, mlaze, mvueni pete, saa na kiatu cha mguu ulioumwa, fungeni kiungo kwa vijiti kisisogee, na mbebeni. Hapana kuchanja, kunyonya, kukaza kamba, wala kubandika jiwe jeusi la kunyonya sumu. Sena kuna kituo cha afya, na hospitali ya karibu ng'ambo ni ya Mbita. Namba za dharura ni 999 na 112, na ya Msalaba Mwekundu ni 1199, lakini msaada wa kwanza kisiwani ni watu wa kijiji kilicho chini yenu. Mapigo matatu ya filimbi, mnasubiri, mnarudia. Jioni ya kabla mwachie mwenye nyumba majina yenu, upande mnaopandia na saa mnayotarajia kurudi.

Ukishafika chini

Ziwa litakuvutia. Maji ya kina kifupi yenye magugu yana konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho, na palipo na matete huenda pana mamba au kiboko. Omba maji ya beseni. Ukilowa miguu wakati wa kupanda boti, jifute kwa taulo papo hapo.

Lala ndani ya neti usiku zote mbili na ujipake dawa ya mbu kuanzia magharibi. Aliyezoea Nakuru hana kinga ya malaria ya ziwani, kwa hiyo azungumze na daktari juu ya vidonge vya kujikinga kabla ya kusafiri. Homa, kichwa au viungo kuuma kuanzia wiki moja baada ya kufika kisiwani na kuendelea hadi miezi kadhaa, usikuite uchovu wa mlima. Nenda ukapimwe damu siku hiyo hiyo, na umwambie anayekupima kwamba ulikuwa Mfangano.